Clare wa Tatu

Clare Adoyo alikufa mara mbili mwaka huo. Mara ya kwanza ilikuwa Machi, figo zikamshinda, akasafirishwa na kuzikwa kwao Ugenya mchana kweupe, watu wakiona. Mara ya pili ilikuwa Jumanne ya tarehe nane Julai, ndani ya stoo ya Hoteli Kisima, Makongeni, kando ya jiko la makaa lililoachwa likiwaka huku mlango umefungwa. Polisi walikuta kitambulisho kwenye mfuko wa aproni. Wakasoma jina, wakauliza kwa chifu, wakapata namba ya mamake.

"Wewe ndiye Mama Perez? Tunasikitika kukujulisha kwamba binti yako Clare ameaga dunia."

Simu ilikaa kimya mpaka yule polisi akadhani imekatika. Kisha mama akauliza, "Tena?"

Perez alikwenda mochari. Akafunuliwa uso wa msichana asiyemjua, mwenye kovu dogo juu ya nyusi. Akasema huyu si wangu, wangu nilimzika. Basi karatasi iliyofungwa kwenye kidole cha mguu wa maiti ikafutwa jina, ikaandikwa namba. Polisi waliandika "ajali" wakafunga faili.

Faili nyingine ilibaki wazi. Mtu asiyejitaja alikuwa amepeleka malalamiko kwa kamati ya leseni za vileo ya kaunti ndogo kwamba Kisima huajiri watu wasio na vibali vya kazi na kuwalaza stoo. Kamati ingekaa Alhamisi kuamua kama hoteli hiyo iendelee kuuza pombe. Afisa wake wa uchunguzi alikuwa Ndirangu, mtu mfupi wa miaka hamsini na mbili aliyekuwa polisi kabla ya kuchoka nao. Alipewa faili Jumatatu asubuhi. Alipopiga simu mochari, waliongeza jambo: Ijumaa maiti zisizo na wenyewe zingepelekwa makaburini na kufukiwa kwenye shimo moja. Yule msichana wa namba alikuwa kwenye orodha.

Kwa hiyo Ndirangu alikuwa na siku tatu, si za leseni tu.

*

Hoteli Kisima ilikuwa mkabala na nyumba za reli, ambazo nusu yake zilishahamwa. Madirisha yalikuwa yameng'olewa na ukungu wa Julai uliingia na kutoka humo kama mpangaji. Mbele palikuwa na meza za wali na samaki. Nyuma palikuwa na baa, na juu ya baa ukumbi ambao jioni watu wa matanga walikaa kuchangisha pesa za kusafirisha maiti. Mwenye hoteli, Sylvance, alikuwa amevaa tai hata alipokuwa akipima unga. Makongeni nzima ilimwita Katibu, maana hapakuwa na kamati ya mazishi ambayo hakuishikia kalamu.

"Mkubwa, karibu. Chai? Mandazi ndiyo yanatoka," Sylvance alisema, kisha akaendelea kabla hajaulizwa. "Yule aliyekufa stoo hakuwa mfanyakazi wangu. Alikuwa mwizi tu. Alijipenyeza kukwepa baridi. Na alishamwibia msichana wangu kitambulisho."

"Msichana yupi?"

"Clare."

"Clare Adoyo?"

"Ndiye huyo. Kwani mnajuana?"

"Nasikia amekufa."

Sylvance alicheka mpaka tai ikaruka. "Hawa polisi wetu! Watamzika mtu akila chapati. Clare! Hebu toka uonekane."

Mlango wa jikoni ulifunguka. Msichana wa miaka ishirini na kitu akatoka na sinia, macho chini.

"Niko," akasema.

Ndirangu akageukia ukutani, mahali ambapo vyeti vya afya vya wafanyakazi vilitundikwa kwenye fremu kama picha za harusi. Vilikuwa tisa. Cha Clare kilikuwa cha nne. Picha ilikuwa ya msichana huyuhuyu wa sinia. Lakini muhuri wa zahanati, ule wa duara, ulianzia kwenye karatasi ukafika ukingoni mwa picha ukakoma, kama barabara iliyofika mtoni pasipo daraja. Kwenye vyeti vingine muhuri ulipita juu ya karatasi na picha pamoja.

Akavipiga picha vyote kwa simu. Kisha akasema anataka kuita majina.

Walisimama mstari mmoja kando ya jokofu la soda. Ndirangu akasoma kutoka ukutani, jina baada ya jina, nao wakaitika. Wawili wa kwanza, keshia na mchoma nyama, waliitika kama watu, mmoja hata akapiga miayo. Saba waliobaki walisema "Niko" kwa sauti moja ya chini isiyopanda wala kushuka. Nje mbwa alikuwa akibweka. Akanyamaza.

"Wewe Clare. Jieleze."

"Nilizaliwa tarehe kumi na nne Februari, mwaka tisini na tatu," msichana alianza, akitazama ukuta. "Mimi ni mtoto wa tatu katika familia ya watoto sita. Nilisoma shule ya msingi ya kwetu Ugenya na kufanya vizuri. Nikamaliza kidato cha nne elfu mbili na kumi na moja. Nilimpokea Yesu nikiwa kijana. Nilipenda kwaya. Sikuwahi kugombana na mtu."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Na unapenda kula nini?"

Msichana akamtazama Sylvance. Hilo hakufundishwa.

Ndirangu akahamia kwa mwanamume aliyekuwa akiosha matumbo, ambaye cheti kilimwita Zedekiah. Zedekiah naye alizaliwa, akawa mtoto wa ngapi, akasoma, akabatizwa, akafanya kazi bandarini. Mwishoni akasema, bila aibu, "Nilikuwa nguzo ya familia."

"Nani alikwambia wewe ni nguzo?"

"Watu wote," Zedekiah alijibu, na jasho likamtoka katika baridi ile.

Wa mwisho alikuwa mpishi, mwanamke mwenye mikono mipana aliyeitwa Jacklyne. Yeye alisoma maisha yake yote bila kukosea hata nukta, akitazama mlango wa stoo. Mlango ulikuwa na kufuli jipya.

"Mkubwa, umeridhika?" Sylvance aliuliza.

"Sijaanza."

*

Akashuku zahanati kwanza. Vyeti vya bandia Eastlands ni vingi kuliko nzi, na mtu wa zahanati aliye tayari kupiga muhuri bila kupima mtu angeeleza kila kitu. Lakini Waruguru, mpimaji wa maabara, alimfungulia daftari bila hata kuvua glavu.

"Wote hawa walikuja. Nilipima mkojo, choo, na makohozi kwa waliokuwa na kikohozi. Sipigi muhuri hewa, baba."

"Clare alikuja lini?"

Kidole cha Waruguru kikashuka kwenye mstari. "Tarehe ishirini na mbili Mei."

"Clare alizikwa Machi."

Waruguru aliangalia daftari, akamwangalia Ndirangu. "Basi alikuja na choo safi kabisa."

"Hukulinganisha uso na kitambulisho?"

"Picha ya kitambulisho cha Mkenya yeyote inafanana na mgonjwa. Ukitaka tulinganishe nyuso, hapa hatapimwa mtu." Akagonga daftari kwa kidole. "Lakini huyu nilimkumbuka. Alikuwa na kovu juu ya nyusi. Nilipomwita jina alichelewa kuitika. Dada yake ndiye alimgusa bega."

"Dada yake?"

"Walikuja wawili. Yule mwingine mikono yake ni mikubwa kama ya mwanamume. Uso ni uleule mmoja, ila wa mkubwa umenenepa."

Zahanati haikuwa na hatia, na njia hiyo ikafia hapo. Hata hivyo Ndirangu alitoka na vitu viwili: aliyelala mochari alikuwa mfanyakazi wa Kisima tangu Mei, na pale jikoni palikuwa na mtu aliyeona maiti ya ndugu yake ikibebwa akaendelea kukoroga ugali.

*

Jumanne alikwenda kwa Perez. Mlango wake ulikuwa wa pekee wenye pazia katika safu nzima. Kushoto na kulia nyumba zilikuwa tupu, na ulipokohoa, kikohozi kilikujibu kutoka chumba cha jirani. Mumewe alikuwa fundi wa reli, marehemu. Perez alimkaribisha Ndirangu kwa uji, akakaa kitini pake kama mtu anayengojea kuambiwa jambo baya zaidi.

"Mama, nataka nikuulize. Clare alikuwa mtoto wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Katika watoto sita. Alifanya vizuri shule ya msingi. Alipenda kwaya. Hakuwahi kugombana na mtu."

Kikombe cha Perez kilisimama njiani. "Nani amekusomea?"

"Kwani huwa inasomwa?"

Hapo hapo Ndirangu akaelewa, kabla mama hajainuka. Alikuwa amehudhuria mazishi mengi mno. Alizaliwa, ni mtoto wa ngapi, akasoma, akaokoka, akafanya kazi, akawa mtu wa watu. Hakuna aliye hai anayejieleza kwa mpangilio huo. Huo ni mpangilio wa kijitabu cha mazishi, kile kinachogawiwa langoni chenye picha ya marehemu na mishumaa miwili.

Perez alivuta bati la biskuti kutoka chini ya kitanda. Alikuwa ametunza kila kijitabu cha kila mtu aliyemzika, kama wanavyofanya akina mama wa mitaa ile, maana kutupa picha ya marehemu ni vibaya na kuichoma ni vibaya zaidi. Ndirangu akaviweka mezani, akafungua simu, akaanza kulinganisha na majina ya ukutani. Clare. Zedekiah. Jacklyne. Polepole, kimoja kimoja, mpaka vikafika saba. Saba walioitika "Niko" kwa sauti moja walikuwa wote ndani ya bati la biskuti.

Na nyuma ya kila kijitabu, chini kabisa, palikuwa na shukrani zilezile: kwa ukumbi wa Hoteli Kisima na kwa Katibu kwa kushughulikia karatasi.

"Karatasi gani, mama?"

"Kibali cha mazishi. Alisema tusihangaike, yeye anajua ofisi. Nikampa kitambulisho cha mtoto. Akarudi na kibali, akasema kitambulisho kimepotea huko kwenye foleni, ameshaandikisha polisi. Ningemuuliza nini? Nani hugombana na mtu anayekusaidia kuzika?"

"Hakikupotea."

"Nyasaye, Mungu wangu." Perez alivifunika vijitabu kwa leso, kana kwamba vinasikia baridi. "Kwa hiyo huyo wa mochari alikuwa akiitwa jina la mtoto wangu. Wanamwambia Clare leta chai, Clare osha sahani."

"Sasa kuna mwingine wa tatu anaitwa hivyo. Kesho nataka umwone."

"Nikamwone nifanye nini?"

"Usikilize tu."

*

Jumatano saa sita Perez aliketi meza ya ukutani, amevaa leso yake ya kanisa. Ndirangu aliketi naye. Sylvance alipomwona mama alisita, kisha akaja na mikono miwili mbele.

"Mama Clare! Umetupotea. Pole tena kwa yote."

"Nimeshapoa, Katibu."

"Msichana wako atatuhudumia," Ndirangu alisema. "Yule Clare."

Hakukuwa na namna ya kukataa. Msichana alileta chai. Ndirangu akamwambia ajieleze kama juzi, huyu mama angependa kusikia. Akaanza. Alizaliwa tarehe kumi na nne Februari. Mtoto wa tatu katika watoto sita. Perez alikuwa akimtazama mdomo, na midomo yake mwenyewe ilianza kucheza pamoja, neno kwa neno, bila sauti, mpaka mhudumu wa meza ya pili akageuza uso.

"Nikamaliza kidato cha nne elfu mbili na kumi na moja."

"Hapana," Perez alisema.

Msichana akamgeukia.

"Hakumaliza. Alipata mimba kidato cha pili akakaa nyumbani, na mtoto akafa. Nilisema waandike amemaliza kwa sababu mchungaji angesoma mbele ya watu. Uongo ule niliutunga mimi, jioni, hapo juu ukumbini. Katibu ndiye aliyeandika." Akamgeukia Sylvance. "Si ndiyo? Ulisema, mama, marehemu hapunguziwi."

"Mkubwa," Sylvance alimwambia Ndirangu, tai mkononi sasa, "majina hufanana. Hawa wasichana nawasaidia. Wangekula wapi? Kibali cha kazi wangetoa wapi? Mtu aliyekufa kitambulisho hakimfai kitu!"

"Na yule wa stoo?"

"Huyo simjui."

Lilikuwa jibu zuri, na Ndirangu alijua. Angeweza kuthibitisha kwamba huyu si Clare. Angeweza kuufunga mlango huu kesho. Lakini maiti ingebaki namba, na Ijumaa ingefukiwa na namba nyingine.

Akainuka, akaenda mpaka mlango wa jikoni. Mpishi alikuwa amesimama palepale, mwiko mkononi.

"Dada," Ndirangu alisema, "sitakudanganya. Ukisema, siwezi kukuficha. Watu wa uhamiaji watakuja, na hawatakuchukua peke yako. Usiposema, kesho nitamaliza kazi yangu bila wewe, labda utapata nafasi ya kukimbia. Hiyo ndiyo habari yote."

"Nyamaza, Jacklyne," Sylvance alisema kwa upole. "Fikiria wenzako."

Mpishi aliukaza mkono kwenye mwiko. Wale wengine walikuwa wameacha kazi. Zedekiah alitikisa kichwa taratibu, akimsihi. Ni Perez aliyekuja mpaka mlangoni, akaushika ule mkono mpana.

"Mimi nilipigiwa simu nikaambiwa mtoto wangu amekufa," alisema. "Ilikuwa simu mbaya. Lakini nilipigiwa. Huyu wa mochari, mama yake anangoja simu mpaka lini?"

Mwiko ulianguka.

"Goreth," mwanamke alisema. "Anaitwa Goreth Niyonkuru. Wa Buyenzi, Bujumbura. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Mama anadhani simu yake imeharibika. Nimemwambia imeharibika." Aliongea haraka sasa, Kiswahili cha kwao kikirudi. "Usiku ule baridi ilizidi. Mlango tunafungiwa kwa nje mpaka alfajiri, ili askari wa doria wasitukute. Wengine tulilala ukumbini juu kwa kuwa kulikuwa na matanga. Yeye alikuwa na homa, akabaki na jiko. Asubuhi Katibu akasema, huyu si wetu, na anayetaka kuwa wake ajitokeze. Nitajitokeza nani? Mimi ni Jacklyne. Jacklyne amekufa. Maiti haimdai maiti."

"Una karatasi yoyote ya Goreth?"

"Cheti cha ubatizo. Kiko ndani ya godoro."

"Na wewe jina lako?"

Alichelewa, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. "Concilie," akasema. Akalirudia, akilijaribu. "Concilie."

*

Alhamisi kamati ilikaa saa tatu. Mwenyekiti, Maingi, aliviweka vyeti saba upande mmoja na vijitabu saba upande mwingine, akatazama picha kwa muda mrefu kisha akasogeza kiti nyuma kidogo. Perez alisema yake. Concilie alisema yake, askari wa kike akiwa nyuma yake. Sylvance alisimama akapiga meza: "Nimewazikia watoto wenu bure, leo mnanizika mimi!" Leseni ilifutwa kabla ya saa tano, na polisi waliokuwa wameandika "ajali" wakamngojea mlangoni.

Ijumaa Goreth Niyonkuru aliondolewa kwenye orodha ya shimo, akapewa kaburi la peke yake na ubao wenye jina. Perez alikuwepo. Ndirangu alikuwepo. Simu ya Bujumbura ilipigwa na Concilie kutoka ndani ya gari la polisi, mlango ukiwa wazi.

Jina hilo liligharimu siku kumi na saba ndani ya jokofu. Liligharimu kazi tisa, mbili kati yake za watu wasiokuwa na kosa lolote. Watu saba walipelekwa mpakani wiki hiyohiyo; yule Clare wa tatu alikuwa amefanya kazi siku kumi na moja. Familia tatu zilizokuwa na matanga zilikosa ukumbi zikachangishia barabarani, kwenye ukungu. Perez ilibidi aende ofisini atie sahihi upya kwamba mwanawe amekufa. Na Concilie, aliyetumikia jiko lile miaka mitatu, alipewa dakika ishirini kaburini, mkono mmoja ukiwa na pingu, akatumia mkono wa pili kutupa udongo.